MCHELE WA IFAKARA NA SHERIA ZA ARUSHA

Mkulima wa Ifakara anajua mambo mengi yanayopandisha na kushusha bei ya mpunga wake. Anajua mvua za masika na mafuriko ya mto Kilombero. Anajua kwelea kwelea washukao shambani kwa makundi. Anajua ujanja wa mlanguzi ajaye na fedha mkononi wakati wa njaa, akanunua mpunga ungali shambani, na anajua uchungu wa gunia la lumbesa. Lakini liko jambo jingine, kubwa kama hayo, ambalo halizungumzwi ipasavyo katika mikutano ya vijiji wala katika vyama vya ushirika. Jambo hilo ni sheria za Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, ambayo makao yake makuu yako Arusha.

Bonde la Kilombero limejaliwa mazao mawili makubwa. Ifakara, Mngeta na Mlimba ni nchi ya mpunga. Kidatu na Msolwa ni nchi ya miwa na viwanda vya sukari. Mazao hayo mawili ni kati ya bidhaa zinazolindwa kwa nguvu zaidi katika Jumuiya nzima. Mchele unaotoka nje ya Jumuiya umewekewa ushuru wa asilimia 75 ya thamani yake, au dola 345 za Kimarekani kwa tani, kwa kadiri ya kiasi kitakachokuwa kikubwa. Sukari imewekewa asilimia 100, au dola 460 kwa tani. Viwango hivyo havikuwekwa na Bunge letu la Dodoma. Viliwekwa na nchi za Jumuiya kwa pamoja, na nchi moja haiwezi kuvigeuza kihalali pasipo wenzake kukubali.

Kwa hiyo twaona yafaa leo kuwaeleza wanachama na wafanyakazi, kwa lugha iliyo wazi, jinsi sheria za Jumuiya zinavyotungwa, nani anazitekeleza, na mwananchi wa kawaida ana nafasi gani ndani yake. Sheria usiyoijua hukufunga, na wala haikufai siku ya dhiki.

YA KALE TUSIYASAHAU

Wazo la kutunga sheria moja kwa nchi kadhaa si geni kwetu. Wakoloni walianzisha Halmashauri Kuu ya Afrika ya Mashariki mwaka 1948, nayo ilikuwa na baraza lake la kutunga sheria. Baada ya uhuru, Tanzania, Kenya na Uganda zilitia sahihi Mkataba wa Ushirikiano mjini Kampala tarehe 6 Juni 1967, na Jumuiya ya kwanza ikaanza kazi tarehe 1 Desemba mwaka huo. Reli, bandari, posta na ndege vilikuwa mali ya nchi tatu kwa pamoja.

Jumuiya ile ilikufa mwaka 1977. Mamlaka ya juu kabisa ilikuwa mikononi mwa Marais watatu, na baada ya Idi Amin kuipindua Serikali ya Uganda mwaka 1971 Marais hao hawakukutana tena. Chombo cha juu kilipoacha kukutana, vyombo vya chini vilikauka kama mpunga uliokosa maji. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwaka 1977, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Mali iligawanywa kwa mapatano ya mwaka 1984, na wazee wengi waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya walihangaikia mafao yao kwa miaka mingi.

Mkataba mpya ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza nguvu tarehe 7 Julai 2000. Utangulizi wake unataja sababu zilizoiangusha Jumuiya ya kwanza: upungufu wa nia ya kisiasa, wananchi kutoshirikishwa kwa nguvu, na faida kutogawanyika kwa usawa. Twaomba msomaji aishike hiyo sababu ya pili, kwa maana tutairudia.

Leo Jumuiya ina nchi nane. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ikawa mwanachama kamili mwaka 2024.

NANI HUTUNGA SHERIA

Sheria za Jumuiya hutoka katika vyombo vitatu.

Cha kwanza ni Mkutano wa Wakuu wa Nchi. Huu ndio wenye kutoa dira, na maamuzi yake ni ya maafikiano. Cha pili ni Baraza la Mawaziri. Hili hutunga kanuni, hutoa maelekezo na kupitisha maamuzi, na Mkataba wasema kwamba hayo yote yanazifunga nchi zote. Cha tatu ni Bunge la Afrika ya Mashariki, ambalo lilianza kazi mwaka 2001. Kila nchi huleta wabunge 9. Hawachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Huchaguliwa na Bunge la nchi yao, wala haiwapasi kuwa wabunge wa Bunge hilo. Wetu huchaguliwa Dodoma.

Muswada unaweza kuletwa na Baraza la Mawaziri, au na mbunge mmoja kwa nafsi yake, isipokuwa muswada wa mbunge haurusiwi kuutwisha mfuko wa Jumuiya gharama. Bunge likiisha kuupitisha, muswada hupelekwa kwa Wakuu wa Nchi wote. Hapo ndipo ilipo pingu. Mkuu mmoja akikataa kutia sahihi, muswada hurudishwa Bungeni. Ukiletwa mara ya pili naye akakataa tena, unakufa. Hivyo nchi moja kati ya nane inaweza kuzuia sheria ambayo saba zinaitaka. Utaratibu huu huilinda nchi isiburutwe, na papo hapo huwapa wavivu na wenye kusitasita kisingizio.

Mwaka 2005 Baraza la Mawaziri lilijaribu kuzuia miswada iliyoletwa na wabunge. Wabunge watatu, Calist Mwatela na wenzake wawili, walikwenda Mahakamani. Hukumu ya mwaka 2006 ilisema kwamba muswada wa mbunge, ukiisha kuwa Bungeni, ni mali ya Bunge, na Mawaziri hawana uwezo wa kuuondoa. Huo ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba Jumuiya hii ya pili inakusudia kutawaliwa kwa sheria.

USHURU NA MILANGO YA PEMBENI

Turudi sasa kwenye mpunga. Mapatano ya Umoja wa Forodha yalitiwa sahihi tarehe 2 Machi 2004 na kuanza tarehe 1 Januari 2005. Maana yake ni mbili. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iwapo inatimiza masharti ya uasilia, huvuka mpaka bila ushuru wa forodha. Na bidhaa itokayo nje hutozwa ushuru mmoja, iingilie Mombasa au Dar es Salaam. Ukuta wa asilimia 75 unaoukinga mchele wa Ifakara ni huo.

Lakini ukuta huo una milango ya pembeni. Kila mwaka, kabla ya bajeti, Mawaziri wa Fedha hukutana na kila nchi huleta maombi yake: hii yataka kupunguza ushuru wa bidhaa fulani kwa mwaka mmoja, ile yataka kuupandisha. Maombi yaliyokubaliwa huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Jumuiya mwishoni mwa mwezi Juni. Kwa njia hiyo Kenya, kwa miaka mingi, imekuwa ikiruhusiwa kutoza mchele wa kutoka nje, ambao mwingi hutoka Pakistani, asilimia 35 au dola 200 kwa tani mahali pa zile 75 na 345. Mkulima wa Mngeta anayetarajia soko la Nairobi anashindana na mchele huo, ijapokuwa hajapata kusikia jina la mkutano ulioamua jambo hilo.

Tusimnyoshee kidole jirani peke yake. Mwaka 2013 Serikali yetu wenyewe iliruhusu mchele wa kutoka nje uingie bila ushuru ili kupunguza makali ya bei mijini. Bei ya mkulima iliporomoka, na bonde la Kilombero liliumia, mdogo kwa mkubwa. Katika sukari nako, nchi yetu imekuwa ikiomba nafuu ya ushuru ili kuziba pengo pale viwanda vinaposhindwa kutosheleza mahitaji. Na mwaka 2025 Serikali ya Kenya ilitangaza kuruhusu tani 500,000 za mchele kuingia bila ushuru. Jambo hilo likabishaniwa katika Mahakama Kuu ya nchi hiyo mjini Kerugoya, jirani na mashamba ya mpunga ya Mwea. Mkulima wa Mwea na mkulima wa Ifakara hawajuani, lakini kilio chao ni kimoja.

Hatusemi kwamba milango hiyo isiwepo. Mfanyakazi wa Manzese au wa Kariobangi anayenunua kilo moja ya mchele kwa ujira wa siku ana haki yake, na mwaka wa ukame hauna budi kupata dawa yake. Tunalosema ni kwamba uamuzi wa namna hii hugusa sahani ya mmoja na mfuko wa mwingine, na kwa hiyo haufai kufanywa kimya. Mkulima huupata uamuzi baada ya bei kuanguka, kama mtu anayeambiwa juu ya mafuriko maji yakiwa kitandani.

SHERIA HAINA MIGUU

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni hili: Jumuiya haina polisi wake, haina maofisa wake wa forodha mipakani, wala haina gereza. Sheria ya Forodha ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 2004 ni sheria ya Jumuiya, lakini anayeitumia Namanga na Holili, upande wetu, ni ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania; na mkosaji hushtakiwa katika mahakama zetu za kawaida. Mkataba umetamka kwamba katika mambo ya utekelezaji wake vyombo na sheria za Jumuiya vitakuwa juu ya vile vya nchi. Hata hivyo, miguu ya sheria hiyo kutembea ni ya watumishi wa nchi.

Mfano uko karibu. Dereva wa lori la mpunga atokaye Ifakara kwenda Dar es Salaam hupita mizani ya Mikese. Huenda akadhani kwamba masharti ya uzito anayokutana nayo pale yalitungwa na Wakala wa Barabara. Kwa kweli tangu mwaka 2019 nchi yetu imekuwa ikitumia Sheria ya Afrika ya Mashariki ya Kudhibiti Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo kikomo chake cha juu kabisa ni tani 56. Faini anayotozwa dereva huyo asili yake ni Arusha.

Wakazi wa Ifakara hawahitaji kufundishwa kwamba sheria pasipo mtekelezaji ni maandishi tu. Lumbesa imepigwa marufuku na sheria ya vipimo ya nchi, na bado mkulima huona gunia lake likishonewa kilemba. Sheria ipo, asiyekuwepo ni mtu wa kuisimamia pale shambani, saa ile ya kupima. Ndivyo zilivyo sheria nyingi za Jumuiya.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya kilimo ya Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumu kuvu. Baada ya siku chache zuio liliondolewa na kuwekwa masharti ya vyeti na vipimo. Kulinda afya ya mlaji ni jambo la haki, na sumu kuvu si maneno ya kubuni. Lakini Jumuiya ilikuwa tayari na sheria ya viwango na ubora ya mwaka 2006, na sheria ya kuondoa vikwazo vya biashara visivyo vya kodi ya mwaka 2017. Jambo la namna hii lilipasa kuanzia katika njia hizo, kwa vipimo na mashauriano, kabla malori hayajapanga foleni mpakani mzigo ukiharibika.

Nasi hatuna budi kujitazama katika kioo hicho hicho. Mwezi Julai 2025 Serikali yetu ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo ndogo. Wenzetu wa Kenya walilalamika kwamba amri hiyo haipatani na Mapatano ya Soko la Pamoja, yaliyoanza tarehe 1 Julai 2010. Machinga wetu anastahili kulindwa, na hilo halina ubishi. Lakini wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Tukiutaka ukate pale mchele wetu unapozuiliwa Nairobi, tukubali utupite sisi pia wakati wenzetu wanapoulalamikia uamuzi wetu. Pahali pa kujua nani mwenye haki ni mbele ya chombo cha sheria.

MLANGO WA MAHAKAMA

Chombo hicho kipo. Mahakama ya Haki ya Afrika ya Mashariki ilianza mwaka 2001, nayo iko Arusha, na ina masjala ndogo Dar es Salaam. Nchi inaweza kuishtaki nchi nyingine. Katibu Mkuu wa Jumuiya anaweza kuifikisha nchi Mahakamani. Na jambo ambalo twataka kila mwanachama wa ushirika alishike ni hili: kwa Kifungu cha 30 cha Mkataba, mtu yeyote anayeishi katika nchi ya Jumuiya, au shirika lolote lililomo humo, anaweza kwenda mbele ya Mahakama hiyo kupinga sheria, kanuni, amri au tendo la nchi kwamba linavunja Mkataba. Muda wake ni miezi miwili tu tangu jambo lenyewe litendeke, au tangu alalamikaye alipolijua.

Miezi miwili ni michache. Wakenya zaidi ya 700 waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya ya kwanza walifungua shauri mwaka 2010 kudai haki zao za zamani. Mahakama ilikataa, kwa sababu mambo waliyoyalalamikia yalitendeka kabla Mkataba mpya haujazaliwa, na tena muda ulikuwa umepita. Hukumu ile iliwachoma wengi, lakini ni fundisho: mlango huu hauwangoji waliolala.

Waliouingia kwa wakati wamepata mengi. Mwaka 2006 Profesa Peter Anyang' Nyong'o na wenzake walidai kwamba Kenya haikuwachagua wabunge wake wa Afrika ya Mashariki kwa uchaguzi wa haki. Mahakama ilizuia wabunge hao wasiapishwe, na tarehe 30 Machi 2007 ikahukumu kwamba uchaguzi ule haukutimiza Mkataba. Mwaka huo huo, katika shauri la James Katabazi na wenzake, Mahakama iliihukumu Uganda kwa kitendo cha askari kuizingira Mahakama Kuu ya Kampala na kuwakamata tena washtakiwa waliokwisha kupewa dhamana. Tarehe 20 Juni 2014 iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti. Tarehe 28 Machi 2019 ilisema kwamba vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 vinapingana na Mkataba. Na mwaka 2023 Bunge letu liliirekebisha sheria hiyo katika baadhi ya vifungu vyake. Mwaka huo wa 2019 iliihukumu Uganda pia, kwa kutoza sigara zitokazo nchi nyingine za Jumuiya kodi kubwa kuliko zilizotengenezwa kwake. Hukumu hiyo ya mwisho imwambie jambo mkulima wa mpunga na mkulima wa miwa: nchi ya Jumuiya haina ruhusa ya kuigeuza bidhaa ya jirani kuwa ngeni kwa kodi ya ndani.

Hata vijiji vyaweza. Mwaka 2017 Halmashauri za Vijiji vya Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, huko Loliondo, zilifungua shauri juu ya ardhi dhidi ya Serikali. Zilishindwa katika Daraja la Kwanza mwaka 2022. Zikakata rufaa, na mwezi Novemba 2023 Daraja la Rufaa liliitengua hukumu ile na kuamuru shauri lisikilizwe tena. Hatusemi hapa nani mwenye haki. Hilo ni la majaji. Tunaonyesha tu kwamba wanakijiji waliufahamu mlango, wakaugonga, na ukafunguliwa.

Lakini tuseme na upungufu. Mahakama ikihukumu kwamba fedha zilipwe, hukumu hiyo hutekelezwa kwa taratibu za mahakama za nchi yenyewe. Ikihukumu kwamba sheria fulani irekebishwe, Mkataba waitaka nchi ichukue hatua bila kukawia, basi. Hakuna faini, wala dalali wa mahakama wa kugonga mlango wa Serikali. Na katika ile kesi ya Profesa Nyong'o, Wakuu wa Nchi, badala ya kungoja hukumu ya mwisho, waliharakisha kuubadili Mkataba mwezi Desemba 2006, wakaigawa Mahakama katika madaraja mawili na kuongeza sababu za kuwaondoa majaji. Chama cha Wanasheria cha Afrika ya Mashariki kilipolalamika, Mahakama ilisema mwaka 2008 kwamba wananchi walipaswa kushauriwa kwanza. Hata hivyo haikuyafuta mabadiliko yale.

TUTAZAME WENZETU

Huko Ulaya, nchi zilizotia sahihi Mkataba wa Roma mwaka 1957 zilikuta tatizo hili hili. Mwaka 1964 Mahakama yao ilitamka kwamba sheria ya pamoja iko juu ya sheria ya nchi. Baadaye waliongeza meno: nchi inayodharau hukumu hutozwa faini. Mwezi Oktoba 2021 Poland iliamriwa kulipa euro milioni 1 kwa kila siku ya kukaidi, na fedha ikakatwa katika fungu ililostahili kupokea. Tena, katika mambo mengi, nchi za Ulaya huamua kwa wingi wa kura, hivyo mmoja hawezi kuwafunga wote.

Kusini mwa Afrika kuna habari nyingine. Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, ambayo nasi tumo, ilikuwa na Baraza la Hukumu mjini Windhoek. Mwezi Novemba 2008 lilitoa hukumu dhidi ya Serikali ya Zimbabwe juu ya mashamba. Suala la ardhi ya walowezi lilikuwa zito, na wengi tulikuwa na maoni yetu juu yake. Lakini dawa waliyoichagua Wakuu wa Nchi ilikuwa ni kulisimamisha Baraza lenyewe mwaka 2010. Na mwaka 2012 wakaamua kwamba Baraza jipya litasikiliza ugomvi wa nchi kwa nchi tu. Tangu hapo mwananchi wa kawaida amefungiwa mlango. Aliyekata mti kwa kuchukia tunda moja, amejikosesha na kivuli.

Afrika ya Mashariki iko katikati ya mifano hiyo miwili. Mahakama yetu i hai na mlango wake u wazi, ila meno yake ni mafupi.

YATUPASAYO

Kwanza, sheria hizi zije kwa Kiswahili. Mkataba wa mwaka 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano itakayokuzwa. Kukuza lugha ni kuifanyia kazi. Mkulima wa Ifakara hawezi kutazamiwa kuitii au kuitumia Sheria ya Forodha asiyoweza kuisoma. Viwango vya mchele, masharti ya cheti cha uasilia, na ile nafuu ya cheti chepesi kwa mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, vyote vibandikwe kwa Kiswahili katika ghala za ushirika na vituo vya mipakani.

Pili, maombi ya kupunguza ushuru wa mchele na sukari yatangazwe kabla ya kupelekwa, siyo baada ya kukubaliwa. Wakulima wa Kilombero, wa Mbarali na wa Kahama waulizwe; wafanyakazi wa viwanda vya sukari waulizwe; na walaji wa mijini pia waulizwe. Mwaka wa upungufu utajulikana kwa hesabu za mavuno, na nafuu itolewe kwa kiasi cha upungufu huo na kwa muda wake, isije ikawa kichaka cha wenye vibali.

Tatu, wabunge wetu 9 wa Afrika ya Mashariki wasionekane Dodoma siku ya kuomba kura tu. Waje Ifakara wakati wa mavuno, wavuke mto kwa Daraja la Magufuli lililofunguliwa mwezi Mei 2018, waende Malinyi na Ulanga, waulize watu mchele wao unakwama wapi. Mbunge asiyechaguliwa na wananchi moja kwa moja ana deni kubwa zaidi la kuwatafuta.

Nne, vyama vya ushirika na vyama vya wafanyakazi viwe na mtu mmoja wa kufuatilia mambo ya Jumuiya na kuweka kumbukumbu: mzigo ulizuiwa tarehe gani, na nani, kwa amri ipi. Miezi miwili hupita upesi, na shauri lisilo na tarehe ni malalamiko ya kilabuni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkulima mmoja hataiweza kesi ya Arusha, lakini ushirika wenye wanachama mia kadhaa waweza.

Tano, na hili ni letu sote tulio karibu na Serikali: hukumu ya Mahakama ya Jumuiya itiiwe hata inapotuuma. Nchi inayochagua hukumu za kutii inawafundisha majirani zake kufanya vivyo hivyo, na siku mchele wake utakapozuiwa haitakuwa na hoja ya kusimamia.

Jumuiya ya kwanza iliendeshwa na wakubwa, na wakubwa walipokosana ikavunjika, wananchi wakitazama kama wageni msibani. Hii ya pili ina Mkataba ulio bora, Bunge, na Mahakama inayomsikiliza hata mwanakijiji. Kilichobaki ni watu wa kuisimamia. Mpunga hauvunwi na yule aliyesimama ukingoni akisifu rutuba ya bonde. Huvunwa na aliyeingia matopeni akapanda, akapalilia, akaamia ndege. Sheria nazo ni hivyo hivyo.